KARAMU YA KRISMASI ISIYOACHA DENI

Mwezi wa Desemba ufikapo, watu wengi wafanyao kazi Nairobi, Mombasa na Nakuru hufunga safari kurudi kwao mashambani, na kila nyumba hujiandaa kupokea wageni. Hiyo ni desturi njema, maana ndiyo nafasi ya ndugu kuonana na ya wajukuu kuwajua babu na nyanya zao. Lakini baada ya Krismasi huja Januari, mwezi wa kufungua shule na kulipa karo. Zipo nyumba zilizokula na kunywa siku moja, kisha watoto wakarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi yafaa kufahamu jinsi karamu iwezavyo kufanywa kwa heshima bila deni.

Hesabu kwanza

Jambo la kwanza ni kuhesabu wageni kabla ya kununua kitu chochote. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati kumi hivi. Wageni 20, kila mmoja akila chapati mbili, watahitaji chapati 40, yaani kilo 4 za unga, ambazo ni pakiti mbili za kilo mbili mbili. Asiyehesabu hununua pakiti tano kwa kuogopa aibu. Vivyo hivyo kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hivi, ikiwa pana mchuzi na mboga. Hesabu ya namna hiyo huonyesha mapema kama ni lazima kuchinja mbuzi, au kama kuku wa nyumbani watatosha.

Tena, vitu visivyoharibika upesi, kama sukari, majani ya chai na chumvi, vyaweza kununuliwa kidogo kidogo tangu Oktoba. Wala si aibu ndugu kupatana kwamba mmoja atalete mchele, mwingine sukari, na mwingine kuni. Karamu ya ukoo ni mzigo wa ukoo.

Mapambo ya nyumba

Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilitoka Ujerumani. Ilienea sana Uingereza baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiwa kando ya mti wao pamoja na watoto wao. Katika Kenya watu wengi hutumia msaiprasi. Hakuna haja ya kukata mti mzima. Tawi moja lililosimamishwa katika mkebe wa mchanga latosha. Lakini lisiwekwe mishumaa inayowaka. Majani ya msaiprasi yana utomvu, nayo yakikauka hushika moto upesi sana, na nyumba ya nyasi au makuti haiwezi kuokolewa.

Mnyororo wa karatasi ni pambo zuri ambalo watoto waweza kulifanya wenyewe. Na wachukue kurasa za madaftari yaliyokwisha au magazeti ya zamani, wakate vipande vya urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 3. Kipande cha kwanza hukunjwa kuwa pete na kubandikwa; cha pili hupitishwa ndani ya cha kwanza, na kuendelea hivyo mpaka mnyororo ufike upande wa pili wa chumba. Gundi yake hupikwa nyumbani: vijiko viwili vya unga wa ngano hukorogwa katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, kisha huongezwa kikombe cha maji na kuchemshwa, huku mtu akikoroga, mpaka uwe uji mzito. Atakaye rangi na apake karatasi maji ya bizari ya manjano, aziache zikauke kabla ya kubandika.

Zawadi za kazi ya mikono

Zawadi ya dukani hutaka fedha. Zawadi ya mkono hutaka siku. Kiondo cha Ukambani na cha Wakikuyu ni mfano mzuri. Zamani wanawake walitumia nyuzi za magome ya miti. Baadaye mkonge, ambao asili yake ni Mexico, uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dr. Richard Hindorf, ukaenea mpaka Kenya. Jani la mkonge hukwanguliwa, nyuzi zake huoshwa na kuanikwa juani, kisha husokotwa juu ya paja na kutiwa rangi. Ususi huanzia kitakoni na kupanda juu. Kiondo kikubwa ni kazi ya majuma kadhaa kwa mwanamke mwenye shamba na watoto, kwa hiyo atakayetaka kukitoa Krismasi na aanze mapema.

Huko pwani, ambako sikukuu kubwa ni Idi, wanawake husuka ukili na kuushona kuwa mikeka, na kofia ya viua hushonwa kwa sindano na uzi kwa muda mrefu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilifundisha kushona, kupika na kusuka katika vikundi vyake vijijini. Aliyejifunza kazi hizo hupata faida mbili: chombo kimoja humpa mgeni, cha pili hukipeleka sokoni.

Fedha itakayopatikana sokoni isiingie chunguni yote. Mwenye nyumba na atenge karo kwanza, aifunge mahali pake. Kisha ndipo ahesabu kilichobaki na kumtafuta mbuzi.