Mlezi wa Gorila wa Rumangabo

Mara nyingi twawasikia wakubwa wa kazi wakinung'unika: "Watu wangu hawabuni neno, hungoja tu kuamriwa." Je, akili ya kubuni hutoka wapi? Twendeni Rumangabo, kaskazini ya Goma, yaliko makao makuu ya Mbuga ya Virunga.

Mwaka 2007 askari wa mbuga walimkuta gorila jike ameuawa kwa risasi. Mtoto wake, mwenye miezi miwili tu, alikuwa bado ameushikilia mwili wa mama. Huyo ndiye Ndakasi. Alikabidhiwa André Bauma, naye usiku ule akamlaza juu ya kifua chake kitupu ili ampe joto. Mtoto akapona. Baadaye kilifunguliwa Rumangabo kituo cha Senkwekwe, nyumba ya mayatima wa namna hiyo. Vita ilipofika huko mwaka 2012, Bauma hakuwaacha. Na Ndakasi alipokufa, tarehe 26 Septemba 2021, alikufa mikononi mwake.

Ni nini kilichomwongoza? Kwanza tabia: upole, saburi, na macho ya kumtazama kiumbe mpaka kuijua haja yake. Pili nia: aliipenda kazi yenyewe, akawahesabu gorila kama watoto wake.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Teresa Amabile, aliwajaribu watunzi. Baadhi yao aliwafikirisha juu ya fedha na sifa, wengine juu ya furaha ya kuandika. Kisha wote wakatunga mashairi. Ya wale waliofikiri fedha na sifa yalionekana kuwa na ubunifu mdogo zaidi.

Lakini asitokee tajiri kusema: "Basi, nipunguze mishahara!" La, hasha! Mshahara ni haki ya mtenda kazi, na mwenye njaa huwaza chakula tu. Askari zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda Virunga. Wajane wao hawali sifa. Mlipe mtu haki yake kwanza. Kisha mpe kazi ipatanayo na tabia yake, mwachie nafasi ya kujaribu, wala usimwaibishe akikosea.

Nanyi wazazi, mtoto aulizaye maswali mengi msimnyamazishe. Kesho atapewa kazi isiyo na wa kumwelekeza, na hapo ndipo mazoea yake ya kuuliza yatakapomfaa.