Shingo ya Raba Haikingi Kifundo

Mwenye raba za Converse zenye shingo ndefu akiulizwa kwa nini alizichagua, atasema zinapendeza, kisha ataongeza kwamba zinakinga kifundo cha mguu kisiteguke. Jibu la kwanza halina ubishi. La pili lina asili yake: kiatu hiki, kilichotoka mwaka 1917, kilikuja kuwa kiatu cha mpira wa kikapu, na katika mchezo huo kuteguka ni jambo la kila siku. Lakini mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowagawa wachezaji 622 wa kikapu kwa bahati nasibu, wengine wakivaa viatu vya shingo ndefu na wengine vya shingo fupi, na haukuona tofauti ya maana katika kuteguka. Sababu si ngumu kuielewa. Mara nyingi kifundo huteguka wayo unapopindukia ndani, uzito wa mwili ukaziangukia kano za upande wa nje. Shingo ya raba hii ni ya turubai, na turubai ni kitambaa, nacho hukunjika pamoja na mguu. Hata ile nembo ya nyota iko upande wa ndani wa kifundo, ng'ambo ya kano zinazoumia zaidi.

Wala raba hii si ya starehe. Wapo watakaopinga kwamba mchezaji wa kikapu Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, enzi ya viatu vya turubai. Ni kweli, ila ufundi wa mchezaji haupimi starehe ya kiatu, na enzi hizo hapakuwa na vingi vya kuchagua. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema soli bapa ndiyo ya asili, maana binadamu alitembea pekupeku tangu mwanzo. Mguu wa pekupeku, hata hivyo, hutanua vidole kila unapokanyaga, na raba hii ni nyembamba mbele, huvibana. Tena mababu hawakushinda kutwa juu ya saruji. Bonyeza soli yake kwa kidole gumba: haibonyei kama sponji ya viatu vya kukimbilia. Ugumu huo huwafaa wanaonyanyua vyuma, kwa kuwa miguu yao haiyumbi chini ya mzigo. Lakini anayeuza dukani akiwa wima kwa saa nane, kisigino chake hakipati cha kukipunguzia kishindo.

Basi kwa nini kiatu hiki kisitiwe sponji, mambo yakaisha? Kilitiwa. Mwaka 2015 Converse, wakati huo ikiwa chini ya Nike, ilitoa toleo la pili lenye soli laini ya ndani na ulimi uliojazwa. Wanunuzi hawakulipokea kama ilivyotarajiwa, na toleo la zamani ndilo linaloendelea kuuzwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba watu hununua umbo: ile soli nyembamba, ile ncha ya mpira, ile shingo iliyonyooka. Kupenda umbo si kosa, mradi mtu asijidanganye kwamba amenunua kinga.

Kwa hiyo unapoijaribu raba hii dukani, funga kamba zote, simama kwa miguu yote miwili, kisha chezesha vidole. Visipopata nafasi, chukua namba kubwa zaidi yenye nafasi ya soli laini ya ndani. Ikiwa kifundo chako kimewahi kuteguka, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kurudi uwanjani.