Kabla ya Kupanda Mlima kwa Ajili ya Watoto

Ndugu msomaji, huenda umepata kusikia habari za watu wavukao Bahari ya Atlantiki kwa kupiga makasia ili kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto. Kutoka La Gomera, katika Visiwa vya Kanari, hadi Antigua ni mwendo wa kilometa zipatazo 4,800, nao hujiandaa kwa miezi mingi.

Sisi wa Morogoro hatuna bahari, lakini tunayo milima ya Uluguru. Wala kutoa jasho kwa ajili ya wenye shida si jambo geni nchini. Tangu mwaka 2002 kumekuwa na utaratibu wa kupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na miongoni mwa walionufaika ni watoto yatima wa kituo cha Moyo wa Huruma, Geita.

Basi, ikiwa wewe na wenzako mmeazimia kupanda kilele cha Lupanga kwa ajili ya watoto, jueni kwamba maandalizi yana pande mbili: miguu na daftari.

Tuanze na miguu. Lupanga ina urefu wa mita 2,138, na mji uko kwenye mita 500 hivi. Anzeni mazoezi miezi mitatu kabla. Mwanzoni tembeeni saa moja kila jioni, kisha pandeni hadi Morningside mwisho wa juma. Jifunzeni pia kushuka, maana huko ndiko magoti yanakoumia. Watazameni akina mama wa Kiluguru washukao alfajiri na mizigo ya mboga kichwani: hatua zao ni fupi, wala hawana papara. Viatu vipya visingoje siku ya safari. Epukeni masika, Machi hadi Mei, njia zinapoteleza. Na kwa kuwa huo ni msitu wa hifadhi, ombeni kibali mapema na mpate kiongozi aijuaye njia.

Daftari nalo lisidharauliwe. Kwanza nendeni kituoni mkawaulize walezi watoto wamepungukiwa nini. Pengine mnawaza nguo, kumbe hakuna magodoro. Andikeni ahadi ya kila mchangiaji kabla ya safari, na fedha zitunzwe na watu wawili, si mmoja. Nauli, chakula na fulana za wapandaji zilipwe na wapandaji wenyewe, zisiguse michango. Halafu pangeni siku ya kukabidhi, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Mtu mzima akiahidiwa asipewe, hulalamika. Mtoto asiye na wazazi hana pa kulalamikia. Hungoja tu, na safari nyingine hukoma kuamini watu wazima. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama daftari halijawa tayari, ahirisheni safari. Lupanga itawangoja.