Lulu Haitokani na Punje ya Mchanga



Bila shaka umewahi kukaa msibani, hapa Gungu au kwingine, ukamsikia mfariji akimwambia mjane kwamba chaza huingiwa na punje ya mchanga, ikamuumiza, akaigeuza kuwa lulu. Basi na yeye mama avumilie, uchungu wake utakuwa lulu. Mfano huu unapendwa sana mimbarini. Naomba leo tuutazame vizuri, maana maneno ya msibani hukaa moyoni mwa mtu miaka mingi.

Mchanga humwingia chaza mara kwa mara, naye huutoa. Kinacholeta lulu mara nyingi ni mdudu anayepenya ndani, au jeraha kwenye ngozi laini iliyotanda ndani ya gamba. Seli za ngozi hiyo kazi yake ni kujenga gamba. Zikisukumwa ndani ya nyama, hufanya kifuko, na ndani ya kifuko hicho huendelea na kazi ile ile: tabaka jembamba la chokaa lililoshikwa na protini kama gundi, kisha jingine juu yake, na jingine. Huchukua miaka.

Lakini chaza wengi wanaoumia hawatoi lulu kabisa. Zamani wazamiaji wa Bahrain waliweza kufungua mamia ya chaza wakapata lulu chache tu za kuuza. Kwa hiyo ukimwambia mjane kwamba kila jeraha huzaa lulu, hujamwambia ukweli wa bahari. Wala wa Maandiko. Katika Mathayo 13:45-46 Yesu hazungumzii maumivu ya chaza. Anamzungumzia mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili apate lulu moja. Wasikilizaji wake walijua uhaba wake, kwani wakati ule hakuna aliyefuga lulu.

Ufugaji ulikuja baadaye sana. Kokichi Mikimoto wa Japani alifanikiwa kupata nusu lulu mwaka 1893. Siku hizi hata Zanzibar, akina mama wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi wamejifunza kazi hiyo: hubandika kitu kidogo cha nusu duara ndani ya gamba la chaza, humrudisha baharini, na baada ya miezi 9 hadi 12 hivi hukikuta kimefunikwa na mng'ao. Chaza wengine hufa kabla ya mavuno.

Na hata ikishakuwa lulu, bado ni dhaifu. Usiifananishe na almasi. Ni chokaa, na tindikali huila. Jasho, manukato, mafuta ya nywele, vyote huipunguzia mng'ao. Kama mama yako alikuachia mkufu au pete ya lulu, iwe ya mwisho kuvaa ukijiandaa kwenda ibadani na ya kwanza kuvua ukirudi. Usikamulie migebuka ndimu ukiwa na pete hiyo kidoleni. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Sabuni kali na dawa ya madoa zikae mbali nayo. (Najua utanikumbusha 1 Timotheo 2:9. Paulo anaonya juu ya kujipamba kwa gharama. Hakusema urithi wa mama uachwe uharibike.)

Watu wa mwambao huu shanga tunazijua. Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta shanga ziitwazo sofi zikitumika sokoni kama fedha. Lulu ni jambo jingine, na nyingi zinazouzwa mitaani ni plastiki. Isugue taratibu kwenye jino la mbele: ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga laini, ya plastiki huteleza. Pima ya kwako tu, usimpimie jirani wa benchi.

Usiifungie ndani ya mfuko wa nailoni chini ya sanduku kwa miaka. Hukauka ikapasuka. Iweke peke yake kwenye kitambaa, mbali na dhahabu inayoikwaruza, na mkufu ulale badala ya kuning'inia, maana uzi hulegea. Ukilegea, mpelekee fundi autunge upya, na umwambie apige fundo baada ya kila lulu, ili siku uzi utakapokatika ianguke moja tu.