Tani Tatu za Maji Chini ya Nyumba

Tangi la samaki wa mapambo lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 90 hubeba lita 3,240 za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo hizo ni tani tatu na zaidi, kabla ya kuhesabu vioo, mawe, mchanga na stendi. Uzito huo ndio unaoamua tangi likae wapi. Nchini Marekani, ambako sakafu za nyumba nyingi hulala juu ya maboriti ya mbao, kanuni za ujenzi hutaka sakafu ya sebule iweze kubeba takriban kilo 195 kwa kila mita ya mraba. Maji yenye kina cha sentimita 90 peke yake huelemea kila mita ya mraba kwa kilo 900. Ndiyo maana tangi kubwa la nyumbani, huko na Kanada, mara nyingi hushushwa hadi chumba cha chini ya ardhi, ambako sakafu ni zege lililomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa.

Chumba hicho humaliza tatizo la uzito na kuzua mengine. Ngazi zake ni nyembamba, hewa yake haitoki kwa urahisi, na maji machafu hayana mteremko wa kuondokea. Kazi yote ya kupanga ni kuyajibu maswali hayo kabla ya tone la kwanza kuingia, kwa sababu tangi likishajaa halisogezwi tena hata kwa sentimita moja.

Swali la kioo ndilo linalowachanganya watu zaidi. Wengi hudhani tangi refu huhitaji kioo kinene kwa kuwa lina maji mengi. Sivyo. Kanieneo ya maji hutegemea kina, si wingi: kioo cha kimo cha sentimita 90 kingesukumwa kwa nguvu ileile kwa kila mita ya urefu wake hata kama nyuma yake kungekuwa na ziwa zima. Juu kabisa kanieneo ni sifuri, chini kabisa ni sawa na kilo 900 kwa mita ya mraba, na wastani ni 450. Kioo cha mbele cha tangi hili kina eneo la mita za mraba 2.7, kwa hiyo kikijazwa hadi ukingoni husukumwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,215. Kina kikiongezwa mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Mwenye nyumba anayetamani tangi kubwa zaidi hupata nafuu kubwa akiongeza urefu na upana kuliko kimo, na samaki pia hunufaika, maana wengi wao huogelea kwa mlalo.

Kwa kina cha sentimita 90 mafundi hutumia kioo cha unene wa milimita 19 hivi, na huacha akiba kubwa ya nguvu, kwani kioo hakionyi kabla ya kupasuka. Akriliki ni mbadala mzuri: uzito wake ni chini ya nusu ya uzito wa kioo na hupitisha joto kidogo, ila huchubuka upesi. Kwamba hata akriliki inahitaji heshima kulionekana Berlin tarehe 16 Desemba 2022, pale AquaDom, tangi la hoteli lenye umbo la mcheduara na lita milioni moja za maji, lilipopasuka alfajiri. Karibu samaki wote wapatao 1,500 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulitaja sababu kadhaa zinazowezekana, ukiwemo udhaifu wa maungio, bila kuithibitisha hata moja.

Tangi tupu la vipimo hivi, likiwa la kioo, lina uzito wa zaidi ya nusu tani. Halipiti ngazini. Kwa hiyo hujengwa palepale litakapokaa: vioo hushushwa kimoja kimoja kwa vishikio vya kunyonya, cha mbele kikiwa na kilo 128, kisha huunganishwa kwa silikoni. Kabla ya hapo stendi ya chuma au ya matofali ya zege hupimwa kwa pimamaji pande zote, na bonde lolote la sakafu hujazwa kwa chokaa ya saruji. Stendi iliyoinama hata kidogo hukunja kioo cha chini, na kioo huvumilia kubanwa lakini hakivumilii kukunjwa. Silikoni huachwa ikauke kwa siku nyingi. Harufu yake ya siki hutokana na asidi ya asetiki inayotoka inapokauka. Baadaye tangi hujazwa hatua kwa hatua, na kila maungio hupapaswa kutafuta unyevu.

Matundu ya mabomba hutobolewa mapema, kwa sababu kioo kilichopashwa moto kisha kupozwa ghafla ili kiwe kigumu hakitoboleki. Kikijaribiwa husambaratika chote. Maji hufurika kwenye kisanduku cha pembeni, huteremka kwa bomba hadi tangi la kuchujia lililo chini ya stendi, halafu pampu huyarudisha juu. Hapa pana hesabu ndogo ambayo imeokoa mazulia mengi. Umeme ukikatika, pampu husimama lakini maji ya juu huendelea kuteremka mpaka yafike usawa wa mdomo wa kisanduku. Uso wa tangi hili una mita za mraba 3.6, kwa hiyo sentimita mbili tu za maji ni lita 72. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo tupu wakati wote, maji huishia sakafuni.

Joto nalo lina bei. Kupandisha lita 3,240 kwa digrii moja ya Selsiasi kunahitaji takriban uniti 3.8 za umeme. Maji ya bomba ya majira ya baridi yenye digrii 10 yakitakiwa yafike 25, hizo ni uniti 56 hivi, yaani hita ya wati 1,500 kuwaka karibu saa 38 bila kupumzika, tena bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Kinachopoteza joto zaidi ni mvuke: kila lita inayogeuka mvuke huondoka na nishati ya karibu uniti 0.7. Mvuke huo haupotei. Hugonga kuta baridi za chumba, ukageuka maji tena nyuma ya mbao za jasi, na kuvu huota mahali ambapo jicho halifiki. Unyevu wa hewa unapaswa kubaki chini ya asilimia 60. Mifuniko ya kioo juu ya tangi hupunguza mvuke kwa kiasi kikubwa. Feni ya kutoa hewa nje na mashine ya kukausha unyevu humalizia kazi. Katika mipango mingi hili ndilo jambo linaloachwa mwisho, na ndilo linaloharibu nyumba kimyakimya kuliko hata uvujaji.

Soketi zote huwekwa juu ya usawa wa maji au mbali nayo, na hulindwa na swichi inayokata umeme mara mkondo unapovujia ardhini. Waya wa kila kifaa huachwa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloufuata lidondoke badala ya kuingia.

Maji hubadilishwa kwa sehemu, mara nyingi theluthi moja kwa wiki. Hapa hiyo ni zaidi ya tani moja, sawa na ndoo 54 za lita 20, kazi ambayo hakuna anayeidumisha kwa mikono. Kwa hiyo hufungwa mabomba ya kuingiza na kutoa maji. Sakafu ya chumba ikiwa chini ya bomba kuu la maji taka, pampu nyingine hulazimika kuyapandisha. Maji mapya ya mjini huwa na klorini au kloramini, ambazo huua samaki na bakteria, hivyo huondolewa kwanza kwa dawa au kwa kichujio cha mkaa.

Bakteria hao ndio wakazi wa kwanza wa tangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kuwa baadhi ya bakteria wa jenasi ya Nitrospira huweza kuifanya safari yote peke yao. Makundi hayo huchukua kati ya wiki nne na sita kukua. Katika muda huo kichujio hulishwa amonia kidogo kidogo bila samaki hata mmoja.

Subira hiyo ni ya lazima zaidi kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao tangi la upana huu linawafaa sana. Maji ya ziwa hilo ni magumu na yana pH ya karibu 9. Katika pH 7 chini ya asilimia moja ya amonia huwa katika umbo lake lenye sumu kali. Katika pH 9, kwa digrii 25, ni zaidi ya theluthi moja. Kosa dogo ambalo samaki wengine wangelistahimili, hawa huwaua. Anayependwa zaidi ni Cyphotilapia frontosa, mwenye milia myeusi na nundu kwenye paji la uso, anayefikia sentimita 30 na kuhifadhi mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki kadhaa. Huishi kwenye kina kirefu cha miamba, kwa hiyo wapiga mbizi humpandisha kwa vituo, vizimba vikivutwa juu kidogo kidogo, ili kibofu chake cha hewa kisipasuke. Samaki wa ziwa hilo husafirishwa nje kutoka Kigoma, Burundi na Zambia, ingawa wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani sasa wamezaliwa kwenye matangi.

Mawe yao huwekwa kwanza juu ya kioo cha chini, juu ya tandiko laini, kisha mchanga humwagwa kuyazunguka. Yakikalia mchanga, samaki wachimbao huufukua na kuyaangusha. Kundi la samaki wachanga huingizwa pamoja ili wapangane vyeo wakiwa bado wadogo. Chakula huanza kwa kiasi kidogo, amonia na nitriti hupimwa kila siku hadi zibaki sifuri, na baada ya hapo kipimo cha nitrati cha kila wiki huonyesha kama theluthi moja ya maji inatosha au iongezwe.