Kapteni anayesoma maganda ya risasi

Waandishi wengi wakifika palipopigwa vita hutafuta kwanza mtu wa kumhoji. C.J. Chivers wa New York Times huokota ganda la risasi, akaligeuza kitako juu. Pale chini pana chapa ndogo ya kiwanda na mwaka. Kwa mpita njia hicho ni kipande cha chuma. Kwake ni cheti cha kuzaliwa.

Jicho hilo alitoka nalo jeshini. Aliingia kikosi cha Marine cha Marekani mwaka 1988 kama ofisa wa askari wa miguu, akapitia Vita vya Ghuba, akaondoka 1994 akiwa kapteni. Akaanza upya: darasa la uandishi Columbia, gazeti la Rhode Island, kisha 1999 New York Times, akiandika habari za polisi.

Mwaka 2008 yeye na wenzake waliifichua AEY, kampuni ya Miami iliyopewa mkataba wa karibu dola milioni 300 kulipatia risasi jeshi la Afghanistan. Bosi alikuwa kijana wa miaka 22. Baadhi ya risasi alizopeleka zilitengenezwa China mwaka 1966. Jamani, mzigo umemzidi mwenye mali umri karibu mara mbili! Mwaka uliofuata Chivers alikagua magazini 30 za wapiganaji wa Taliban waliouawa. Angalau 17 zilikuwa na risasi za aina ileile ambayo Marekani ililigawia jeshi la Afghanistan.

Mwaka 2010 akatoa kitabu kuhusu AK-47, bunduki ambayo mfugaji wa Turkana hahitaji kutambulishwa.

Mimi nampendea kazi ya 2014. Askari mstaafu akishika kalamu ni rahisi kugeuka msemaji wa majenerali: namba zao za simu anazo, lugha yao anaijua. Chivers aliwaendea masajini na mafundi wa kutegua mabomu, waliobabuka malengelenge kwa makombora ya zamani ya kemikali nchini Iraq, na serikali yao ikayafanya majeraha hayo siri.

Tuzo ya Pulitzer ya 2017 aliipata kwa makala ya kijana wa Marine aliyerudi kutoka Afghanistan, usiku mmoja akalewa, akavunja mlango wa watu asiowajua, akaishia gerezani.