Kompyuta ya Kaunta: Nani Kaachiwa Nini? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia kompyuta yenyewe: namna ya kuichagua, na programu za kuandikia na kutunzia hesabu zisizokula fedha nyingi. Leo tunaingia kwenye usalama, na nitaanzia mahali ambapo vitabu vya somo hili havianzii, yaani kwenye steshenari.

Pita Ngamiani, katika barabara zile zenye majina ya namba, au nenda hadi Muheza mjini na Pangani. Karibu na shule au ofisi yoyote hukosi chumba chenye printa, mashine ya kutolea kopi na kompyuta moja au mbili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoombewa mkopo wa HESLB, kijana anapojaziwa maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, na mama mwenye kiwanja anapotolewa kopi za hati yake. Kwa siku moja kompyuta hiyo hupokea flashi za watu wasiojuana, hufunguliwa barua pepe zao, na hubaki na picha za vitambulisho vyao vya NIDA. Karatasi kama hizo zikiwa benki zinalindwa na askari mwenye bunduki. Steshenari zinalindwa na kijana mmoja na feni.

Mtu akisikia habari za wizi wa mitandaoni humuwaza fundi hatari aliyejifungia chumbani ng'ambo. Wapo. Lakini kwa biashara za ukubwa wetu hasara nyingi hupitia kwenye kitu ambacho mwenyewe alikiacha wazi, au alimwachia mtu kisha akasahau.

Tuanze na flashi. Mteja anachomeka flashi yake, anafungua, anakuta mafolda yote yapo kwa majina yake, ila kila moja lina kijishale kidogo pembeni mwa picha, na ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili. Hayo si mafolda. Kirusi kimeyaficha mafolda ya kweli kwa kuyapa alama ya kwamba ni mali ya mfumo wa kompyuta, kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya, kirusi kinaanza kazi kwanza, kisha kinakufungulia folda lako la kweli, nawe unaendelea na shughuli zako bila kushuku lolote. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo itaondoka na zawadi.

Hila hii ina historia. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe programu iliyokuwa kwenye flashi mara tu inapochomekwa, na virusi vikajipitia kama kwao. Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzima tabia hiyo hata kwenye Windows za zamani. Waandishi wa virusi wakabaki na njia ya kumfanya mtu abofye kwa mkono wake.

Kinachosikitisha ni tiba inayotolewa kwenye kaunta nyingi: "Flashi yako imekufa, ngoja nikufomatie." Hapo tasnifu ya mtu inafutika ilhali ilikuwa salama, imefichwa tu. Tiba yenyewe ni mstari mmoja. Fungua dirisha la amri la Windows na, kama flashi imesomeka kwa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo. Mafolda ya kweli yatarudi kuonekana. Futa njia za mkato, kisha iamuru Windows Defender iikague flashi nzima, na kompyuta pia, kwa sababu ukisafisha flashi ukaacha mashine, kesho utaanza upya. Defender huja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, na kwa steshenari inatosha mradi inapata masasisho yake. Sioni sababu ya mwenye duka dogo kununua programu nyingine ya kuzuia virusi kabla hajaitumia vizuri hii aliyonayo.

Jambo la pili la kaunta ni akaunti ya Windows. Karibu kila kompyuta ya duka hufunguliwa kwa akaunti ya msimamizi, ile yenye ruhusa ya kufunga na kufuta chochote. Tengeneza akaunti ya pili ya kawaida, hiyo ndiyo itumike kutwa nzima. Nenosiri la msimamizi abaki nalo mwenye duka. Kirusi kinachotaka kujichimbia ndani ya mfumo, au kijana anayetaka kufunga mchezo wa mpira, wote watakutana na mlango uliofungwa. Kazi hiyo haifiki nusu saa.

Wateja wengi siku hizi hawaleti flashi. Wanarusha faili kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, na hapa tumepunguza virusi tukaongeza tatizo lingine. Faili hilo linashuka kwenye folda la vipakuliwa na linakaa humo mwaka mzima. Nenda leo kwenye folda hilo la kompyuta yako uone: vyeti vya kuzaliwa, barua za posa zilizochapwa kwa herufi za mapambo, majibu ya vipimo vya hospitali, mikataba ya nyumba. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume na azitunze kwa usalama. Wenye maduka wengi wanadhani hayo ni mambo ya benki na kampuni za simu. Ukitaka kuanza kuitii bila wakili, futa folda hilo kila jioni kabla ya kuzima mashine, pamoja na kikapu cha takataka.

Kuna mazoea mengine ambayo yanafanywa kwa nia njema kabisa. Mteja hana barua pepe. Kijana wa steshenari anamfungulia moja, anaweka namba ya simu ya duka kuwa ya kurejeshea akaunti, na nenosiri analiandika kwenye daftari la kaunta. Miaka miwili baadaye mteja ameitwa kwenye usaili, kakumbuka barua pepe yake ila nenosiri limempotea. Namba ya duka imeshabadilishwa, kijana yule kahamia Arusha, daftari halijulikani liliko. Weka namba ya mteja mwenyewe. Mwambie achape nenosiri kwa mkono wake, wewe tazama ukutani. Akimaliza, atoke kwenye akaunti mbele yako. Kwa kompyuta ya wateja, kivinjari kitumike kwenye dirisha la faragha, ambalo likifungwa halibaki na kumbukumbu ya aliyeingia.

Wewe mteja nawe una lako. Kama uliwahi kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya mtu ili kuchukua faili, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uangalie orodha. Ukikuta mashine usiyoijua, itoe. Aliyeachiwa mlango huo anasoma kila unachoandikiwa, na simu yako haitalia.

Fedha za simu nitazipitia haraka kwa sababu habari zake zimeandikwa sana. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaujua, na unaurusha kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA na kampuni za simu kwa kazi hiyo. Kwa kubofya *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika waifute. Kwa mwenye duka la nyavu au spea za baiskeli ninaongeza moja tu: mzigo usitoke kwa kuangalia simu ya mteja. Ujumbe wa malipo unaweza kuandikwa na yeyote, na picha yake ikahaririwa. Angalia salio la simu ya duka. Mteja wa kweli atasubiri dakika hiyo moja.

Barua pepe ndiyo inayowaumiza wafanyabiashara wakubwa kidogo, wale wanaoagiza mzigo China au Dubai na kuutoa kupitia bandarini au Horohoro. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko ya ulaghai wa barua pepe za biashara yenye hasara ya takriban dola bilioni 2.9. Namna unavyofanyika ni ya kisubira. Mwizi anapata nenosiri la barua pepe yako au ya muuzaji wako, anaingia, hagusi kitu. Anasoma. Anajifunza mnavyoitana, mzigo gani uko njiani, lini salio la mwisho linalipwa. Huweka kanuni ndani ya akaunti ili nakala ya kila barua imfikie hata baada ya wewe kubadili nenosiri. Siku ya malipo inakuja profoma ileile, nembo ileile, ila namba ya akaunti ya benki ni nyingine, na maelezo mafupi kwamba ile ya zamani iko kwenye ukaguzi.

Wajinga ndio waliwao, mtasema. Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan inayouza vifaa kwa wakubwa wa teknolojia. Kati ya 2013 na 2015 zilitumwa ankara za uongo kwa jina hilo kwa Google na Facebook, nazo zikalipa zaidi ya dola milioni 120. Mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano Desemba 2019. Kama karani wa Google alilipa, karani wako wa Chumbageni naye atalipa, isipokuwa awe na amri ya kutolipa. Amri yenyewe ni kwamba akaunti ya benki ikibadilika, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya. Na mara moja moja fungua mipangilio ya barua pepe uangalie kama kuna anwani usiyoijua inayopelekewa barua zako.

Manenosiri sasa. Kwa miaka mingi tuliambiwa tuchanganye herufi kubwa, namba na alama, tubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Ushauri huo ulitoka kwenye mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Mwaka 2017 NIST yenyewe iliuacha, na Bill Burr aliyeuandika akakiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa yake. Watu waliolazimishwa kubadilisha walikuwa wanaongeza namba moja mwishoni tu, na wezi walishajua. Kinachosaidia ni urefu. Nenosiri la maneno manne yasiyohusiana, mathalani changu-kibao-mombo-jumatano (sasa limeshachapwa gazetini, tafuta lako), ni gumu kulikisia na ni jepesi kulikumbuka. Kila akaunti iwe na lake, na kwa kuwa hutayakumbuka yote, tumia programu ya kuyatunza kama KeePass au Bitwarden, zote zinapatikana bure. Kwenye barua pepe ya biashara washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu kama Google Authenticator. Hiyo hutoa namba zake hata pasipo mtandao, na haimsaidii mtu aliyefanikiwa kuirinyu laini yako kwa hila.

Limebaki suala la Windows za kukraki. Programu ya kukraki hukuambia kwanza uzime kinga ya virusi ndipo uifunge. Mgeni anayetaka mlinzi aondoke kabla hajaingia, nani angempokea? Isitoshe, Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba tunazonunua hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa kompyuta ya kuchapa barua na kutoa kopi, Linux Mint pamoja na LibreOffice ni bure, halali, na inakwenda vizuri kwenye mashine hizo. Mteja hataona tofauti. Kijana wa kaunta atanung'unika wiki moja.

Msizime masasisho kwa kuogopa bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwamo, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi.

Kirusi cha aina hiyo hufunga pia diski ya nje iliyochomekwa wakati huo, na ndiyo sababu eksteno inayokaa kwenye kompyuta siku zote haihesabiki kuwa nakala. Sisi wa pwani tunayo ya kwetu zaidi: hewa ya chumvi inayokula bodi za mashine, joto, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nunua eksteno mbili za kawaida. Moja iko dukani droo imefungwa, nyingine iko nyumbani. Kila Ijumaa zinabadilishana, na inayotumika inachomekwa kwa muda wa kunakili tu. Mafaili madogo ya hesabu yanaweza kwenda pia Google Drive, ambako unapewa gigabaiti 15 bila malipo. Kisha, mara moja kwa mwezi, chukua eksteno ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta ambayo si ya duka, fungua hesabu za mwezi uliopita, uzisome hadi mstari wa mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa popote usiiweke kwenye hesabu.

Wiki ijayo: risiti za EFD, na namna ya kuzioanisha na daftari la mauzo la kompyuta.